Mlisha Panya Aliyelisafisha Jina Lake kwa Karai

Jua halijapanda hata kimo cha mgomba, na Benedeta Athieno tayari amevunja mayai thelathini. Havunji ovyo. Analigonga yai kwenye ukingo wa bakuli, analipasua kwa vidole gumba, kisha kiini anakihamisha kutoka ganda hili kwenda lile mpaka ute wote uchuruzike ndani ya kopo la plastiki. Kiini kinabaki peke yake, kizima, cha manjano. Katika mayai thelathini hakuna kilichopasuka.

"Ukipasua moja tu, ute nachanganyika," anasema bila kuinua macho. "Na ute si ya kwao. Ya kwao ni hii ya manjano."

Hao anaowatengea mayai asubuhi yote hii ni panya.

Usikunje uso, msomaji. Hawa si wale wa darini wanaokutafunia sabuni na vyeti vya shule. Hawa ni weupe pe, macho mekundu, arobaini na wanane kwa hesabu, na makao yao ni vizimba kumi na viwili ndani ya jengo dogo la matofali la kituo kimoja cha utafiti, kando ya barabara baina ya Tororo na Busia. Nusu yao wanakula chakula cha kawaida cha pumba, soya na dagaa wa kusaga. Nusu nyingine wanakula chakula hicho hicho kilichokandwa na viini vya mayai, mafuta ya ng'ombe, na unga kidogo wa kolesteroli unaokuja kwenye kopo kutoka mbali. Robo nzima ya mlo wao ni mafuta ya ng'ombe matupu.

Wanalishwa hivyo makusudi, majuma kumi na mawili, ili damu yao ijae mafuta.

"Hospitali zetu zinaona watu wengi wanaopooza upande mmoja, na mafuta kwenye damu yamo katika sababu," anaeleza Dkt. Arnold Oketcho, mkuu wa utafiti huo, mwanamume mwembamba anayeongea huku akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. "Ukitaka kujaribu dawa, lazima kwanza umpate mgonjwa. Mgonjwa wetu ni panya, na ugonjwa wake unapikwa jikoni. Anayeupika ni Mama Bene. Yeye akikosea kipimo, sisi wengine wote tunapoteza wakati."

Daktari anasema hivyo leo bila kusita. Mwaka jana alisema mengine, na ndiyo maana makala haya yameandikwa.

Benedeta ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Kisoko, wilaya ya Tororo, kwa wakulima wa muhogo na wimbi, akasoma mpaka senia ya pili ya sekondari, karo ikagoma. Akaolewa na Nathan wa Tiira, upande wa Busia, kijiji ambacho watu wake wanachimba udongo kutafuta dhahabu. Mume akashuka shimoni. Mke akapewa karai.

Miaka tisa alisimama ndani ya maji ya matope hadi magotini, akizungusha karai. Udongo mwepesi unaondoka na maji, mzito unabaki chini, na ukiwa na bahati unaona chembe ya manjano ndogo kuliko punje ya wimbi. Siku nzuri ilimpa shilingi elfu tano za Uganda. Siku mbaya ilimpa mgongo unaouma.

Lakini muulize kilichomtoa Tiira, hatakutajia mgongo.

"Ni ile ya jioni," anasema, na mikono inasimama kwa mara ya kwanza. "Mkimaliza kazi, mwenye shimo nasema wanawake mpange laini. Unafungua kitambaa ya kichwa. Unakung'uta gauni. Halafu unafungua kinywa, aone kama umeficha kitu chini ya ulimi. Mama mzima, na watoto wako nakutazama, unafungua kinywa kama ng'ombe ya sokoni. Miaka tisa!"

Siku moja kanisani likasomwa tangazo kwamba kituo cha utafiti kinatafuta mtu wa kutunza wanyama, awe msafi, ajue kusoma mizani. Walikwenda watu kumi na saba, wengi wao vijana wenye vyeti. Dkt. Oketcho akawapa kila mmoja punje ya haragwe na kuwauliza ina uzito gani. Wengine walicheka. Wengine walisema gramu tano, gramu kumi. Benedeta aliiweka punje kiganjani, akaipima kwa kuirusharusha, akasema, "Hii haifiki nusu gramu."

Mizani ikasema gramu nukta nne. Kazi akaipata, shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi.

Majirani hawakumwacha apumue. Eti Benedeta ametoka kwenye dhahabu, amekwenda kuwa yaya wa panya! Mama mkwe wake, Mzee Aanyu, bibi wa Kiteso mwenye ulimi usio na likizo, alitaka kujua panya hao wamesomea wapi hata wakala mayai ambayo wajukuu wake wanayaona Krismasi. Benedeta alilisikia hilo, likamchoma, akaenda kwa daktari kuuliza kuhusu ute. Hata wakati huo, kabla ya utafiti wa mafuta, panya walipewa viini tu, na ute ulikuwa ukimwagwa. Daktari akasema auchukue. Tangu siku hiyo kila jioni alirudi nyumbani kwa baiskeli na kopo la ute wa mayai, na watoto wa ua mzima wakala.

"Nilikaa pale miaka tatu," anasema. "Hakuna mtu aliniambia fungua kinywa. Nikasahau kabisa."

Mwaka jana utafiti wa mafuta ukaanza. Dorah Abbo, binti wa miaka ishirini na sita anayesomea shahada ya pili, ndiye aliyekuwa mwenye kazi hiyo: kupima damu, kuandika, na mwishowe kuvaa joho. Juma la sita alitoa damu kidogo mikiani mwa panya wote na kuipeleka kwenye mashine. Alirudia kipimo mara tatu kabla ya kumwita daktari.

Damu ya panya wa mafuta ilikuwa safi sawa na ya wenzao. Na ajabu zaidi, walipowekwa kwenye mizani, wale waliolishwa mafuta na mayai walikuwa wembamba kuliko waliolishwa pumba. Lo! Hata mtoto wa chekechea angejua kwamba hapo kuna jambo.

"Niliona mwaka wangu umekwenda na maji," anasema Dorah. "Nikajiuliza, haya mafuta yanakwenda wapi?"

Hilo ndilo swali lililozunguka kituo kizima. Daftari linaonyesha mafuta yamenunuliwa na yametumika. Visahani vya panya vinakutwa vitupu kila asubuhi. Panya hawanenepi. Basi mafuta hayamo ndani ya chakula. Na mwenye ufunguo wa stoo ni mmoja tu. Tena, mpishi wa wafanyakazi akakumbuka, huyo mmoja hutoka kila jioni na kopo lililofunikwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Haikuchukua siku mbili, watu walikuwa wakijibu salamu za Benedeta wakitazama mikono yake.

Yeye hakujua kitu mpaka Jumanne jioni alipofika langoni na baiskeli yake.

Mlinzi wa lango ni Mzee Oguttu, Msamia wa Buhehe, mstaafu wa mambo mengi, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimfungulia lango Benedeta kabla hajaligusa. Jioni ile palikuwa na meza mbele ya kibanda chake.

"Mama, samahani," alisema Oguttu. "Nimeambiwa begi yako nifungue."

"Nani alikuambia?"

"Nimeambiwa tu, mama yangu."

Benedeta aliweka begi mezani. Oguttu akatoa kanga, akatoa kitabu cha nyimbo za kanisa, akatoa kopo. Akalifunua, akachovya kidole, akanusa. Ute wa mayai. Akalifunika haraka, akawa anarudisha vitu, na hapo ndipo alipoinua uso.

Benedeta alikuwa amesimama wima mbele ya meza, ameshusha kitambaa cha kichwa, na amefungua kinywa.

Hakuna aliyemwambia. Mwili wenyewe ulikumbuka.

"Mimi nilitazama pembeni," anasema Mzee Oguttu, na hata leo akilieleza anatazama pembeni. "Nilimwambia, mama, hapana, si hivyo, enda nyumbani. Ile usiku sikula."

Asubuhi yake Dkt. Oketcho alimwomba Benedeta ufunguo wa stoo. "Kwa muda tu," alisema. Kipande cha chakula cha panya kilikuwa kimepelekwa Kampala kupimwa kiasi cha mafuta. Majibu yangechukua wiki tatu.

"Nikamuuliza, daktari, sasa hizo wiki tatu mimi niko nani?" anakumbuka Benedeta. "Alitafuta miwani."

Nyumbani Nathan alikasirika kuliko yeye. Alimwambia aache kazi ya watu, arudi Tiira, angalau huko wanampekua kila mtu. Benedeta alilitafakari neno hilo huku akipepeta mtama. Kweli, kurudi ni rahisi. Lakini akirudi leo, kijiji kizima kitasema amefukuzwa kwa kuiba mafuta ya panya, na watoto wake watabeba jina hilo shuleni. Tena kuna jambo lilikuwa likimkereketa zaidi ya matusi: mafuta yale aliyayeyusha mwenyewe, akayapima mwenyewe, akayakanda kwa mkono huu. Yalikuwamo. Kama yalikuwamo na panya hawakuyala, basi yako mahali.

"Kule Tiira, dhahabu ikikosekana kwa karai, hulii," anasema. "Unarudi kwa makapi. Udongo ambao umeshautupa, unauosha tena."

Na makapi ya nyumba ya panya ni nini? Ni maranda. Kila kizimba hutandikwa maranda ya mbao ili panya walalie, na mara mbili kwa wiki Benedeta huyazoa, machafu, na kuyamwaga kwenye shimo la mbolea.

Ijumaa asubuhi akabisha mlango wa daktari. Hakuomba ufunguo. "Nikamwambia, daktari, ufunguo kaa nayo. Mimi nipe takataka."

Dkt. Oketcho anakiri alidhani mama amechanganyikiwa kwa machungu. Lakini alikubali, na akatoka nje kutazama, pamoja na Dorah. Mzee Oguttu naye akaliacha lango, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Benedeta alichagua vizimba sita, vyote vya panya wa mafuta, maranda ya siku tatu. Akaomba pipa la maji. Karai alikuja nalo mwenyewe, limefungwa nyuma ya baiskeli, lile lile la Tiira, limepinda ukingo upande mmoja. Akapandisha gauni, akachuchumaa, akaanza.

Waliomwona wanasema mikono yake haikuonekana kama mikono ya mtu anayefikiri. Karai lilizunguka, maji yakazunguka, maranda yakaelea na kumwagika ukingoni, maji mengine, tena, tena. Kinyesi cha panya alikitoa kwa vidole, punje kwa punje. Na chini ya karai, kila mara, ukabaki uji mzito wa kahawia. Alipoukusanya wote na kuuminya kwenye kitambaa, ulikuwa donge la chakula. Chakula chao, kile kile, chenye mafuta na mayai, ambacho panya walikuwa wamekibeba kutoka kwenye visahani, wakakimega, na kukizika chini ya matandiko.

"Walikuwa wanakifukia," anasema Dorah, akicheka sasa, ingawa siku ile hakucheka. "Visahani vitupu, nasi tunaandika amekula gramu kumi na sita! Wapi!"

Benedeta hakuishia hapo. Donge lile alilitia kwenye sufuria ya maji, akalichemsha, akalichuja, akaomba nafasi kwenye friji ya maabara. Baada ya saa moja na nusu akaitoa sufuria. Juu ya maji palikuwa pameganda sahani ya mafuta, nyeupe, ngumu, unene wa kidole. Akaichomoa kwa kisu, akaikausha kwa kitambaa, akaiweka kwenye mizani mbele yao.

Gramu mia moja thelathini na moja. Dorah akapiga hesabu. Vizimba vile kwa siku tatu vilistahili kupata mafuta gramu mia mbili themanini na nane. Karibu nusu ilikuwa pale juu ya mizani, na nusu nyingine panya walikuwa wameila shingo upande, kiasi cha kutokufa njaa tu.

"Daktari," akasema Benedeta, "mafuta yenu hii hapa."

Mzee Oguttu alipiga makofi. Dkt. Oketcho aliinamisha kichwa. Kama hadithi ingekomea hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya kutosha, na Benedeta angerudi nyumbani akiwa ameshinda.

Lakini Dorah aliinua ile sahani ya mafuta, akainusa, akatabasamu. "Inanukia kama kwa nyanya yangu kijijini," alisema. Harufu ya moshi mtamu.

Wengine hawakutilia maanani. Benedeta aliipokea ile sahani, akainusa mwenyewe.

Tuelewane hapa. Kwa Mzee Aanyu, kama kwa mabibi wengi wa ukoo wake, chombo cha kuwekea maziwa au samli hakihesabiwi kuwa safi mpaka kifukizwe. Unawasha vijiti vya mti maalumu, unavizima, unakigeuza chombo juu ya moshi mpaka kinukie. Samli ya chombo kilichofukizwa inakaa miezi bila kuoza. Benedeta aliingia ukoo ule akiwa binti, akafundishwa, akazoea. Na kituo kilipoanza utafiti wa mafuta, friji ikiwa imejaa chupa za damu, karatasi ya maagizo ilimwambia ahifadhi mafuta kwenye "chombo safi, mahali pakavu." Yeye akaleta chungu chake mwenyewe kutoka nyumbani, kizuri, chenye mfuniko. Na kila Jumatatu, kabla ya kutia mafuta mapya, alikifukiza.

Hakumwambia mtu. Kwani nani anatangaza kwamba ameosha sahani?

"Nikajua hapo hapo," anasema. "Panya ni mnyama ya porini, hata akiwa mweupe. Moshi kwake ni nini? Ni moto nakuja. Mimi nilikuwa nawapa chakula nasema karibuni, na chakula yenyewe nasema kimbieni."

Hapo ndipo mtu anapopimwa, na mizani ya kupimia hilo haiuzwi. Jina lake lilikuwa limeshasafishwa. Chungu kilikuwa chake. Angeweza kunyamaza, akakisugua kwa majivu wikendi hiyo, panya wakaanza kula, na kila mtu angesema panya wana mambo yao. Majuma sita ya Dorah yalikuwa yamepotea, na akisema sababu, sababu ni yeye.

Alijifuta mikono kwenye gauni. "Daktari, mwizi hakuna," alisema. "Lakini mwenye kosa yuko. Ni mimi."

Akaeleza yote, chungu, vijiti, Jumatatu. Hawakumwamini mara moja, na yeye mwenyewe akawaambia wasiamini bure. Wakakanda chakula cha aina mbili, kimoja kwa mafuta ya chungu, kingine kwa mafuta mapya kutoka buchani yaliyoyeyushwa kwenye sufuria. Wakaweka visahani viwili katika kizimba kimoja, wakakaa wakitazama.

Panya wanne walikinusa cha moshi, wakarudi nyuma. Wakahamia kile kingine, wakala kama wageni wa harusi. Kisha mmoja wao akarudi kwenye kisahani cha moshi, akakigeuzia mgongo, na kwa miguu akaanza kurusha maranda juu yake mpaka kikafunikwa.

"Alikuwa ananizikia chungu yangu," anasema Benedeta, na anacheka mpaka anatoa machozi, kisha anayafuta machozi hayo kwa muda mrefu kuliko kicheko kinavyohitaji.

Tusipake rangi. Yaliyofuata hayakuwa matamu. Utafiti ulianza upya na panya wapya. Dorah alikosa mahafali ya mwaka ule, na kwa wiki mbili hakumsemesha Benedeta ila kwa vikaratasi vilivyobandikwa mlangoni. "Nilikuwa na hasira, siwezi kudanganya," anasema. "Lakini nilijua pia, kama angenyamaza ningeandika kitabu kizima cha uongo bila kujua." Siku ya kumi na tano alikuja na chapati mbili, wakala pamoja, yakaisha.

Dkt. Oketcho aliwaita wafanyakazi wote barazani na kumrudishia Benedeta ufunguo mbele yao. "Nilisema, Mama Bene, nilikukosea, nisamehe. Nilikuwa na daftari, nikaona daftari lina akili kuliko mtu." Majibu ya Kampala yalipofika hatimaye, yalisema kile karai lilichokwisha sema. Na karatasi ya maagizo iliandikwa upya. Sasa ina kifungu kinachosema maranda yaoshwe kila Ijumaa na chakula kilichofukiwa kipimwe, na jina la aliyebuni njia hiyo limeandikwa pale: B. Athieno.

Mzee Aanyu ndiye peke yake hajaridhika. Alipoelezwa kwamba panya wamekataa mafuta yake ya moshi, alisonya. "Panya gani hao wasiojua kitu kizuri?" alisema. "Warudisheni walikotoka."

Mzunguko wa pili uko juma la kumi na moja. Benedeta anaeleza juma la sita kama mtu anayesimulia kuzaliwa kwa mtoto. Dorah alitoa damu, akaizungusha kwenye mashine mpaka wekundu ukazama chini na maji ya damu yakabaki juu. Ya panya wa pumba yalikuwa meupe ya kupitisha mwanga. Ya panya wa mafuta yalikuwa na ukungu, kama maji uliyooshea mchele. Walishikana mikono wakarukaruka, msomi na mlisha panya.

Jioni hiyo hiyo Benedeta alimbana mumewe kuhusu nyama ya mafuta anayoipenda. Nathan sasa anakula mboga ya murere, ule mlenda wa majani, mara nne kwa wiki, na analalamika kwa yeyote anayemsikiliza.

Kuna sehemu ya kazi asiyoipenda. Juma la kumi na mbili likiisha, panya watalazwa usingizi wasiamke, ili maini na mishipa yao ikaguliwe. Siku hiyo huomba ruhusa, huenda kanisani, hukaa benchi la nyuma. "Walinifanyia kazi," anasema. "Mtu aliyekufanyia kazi unamuaga."

Mipango anayo. Kuna kozi ya miezi sita ya cheti cha utunzaji wa wanyama wa maabara, na Dkt. Oketcho ameshaandika barua ya kumwombea nafasi. Atakaa darasani na watoto wa umri wa mwanawe wa kwanza, na hilo halimtishi. Kinachomtisha ni Kiingereza cha mtihani.

Na kuna ile meza.

Wakubwa wa kituo walikuwa wameamua ibaki langoni, mikoba ya vibarua iendelee kufunguliwa, ila ya Benedeta isiguswe. Walidhani wamempa heshima. Alikataa. Alikwenda ofisini kwa daktari na kusema kwamba yeye hataki kupitishwa kando wakati mwenzake anayefagia anapekuliwa. Ama wote, ama hakuna. "Na wote ni wote," alimwambia. "Hata wewe."

Saa kumi na moja na nusu jioni, siku tuliyomtembelea, foleni fupi imepangwa langoni. Mfagiaji anatangulia. Benedeta anafuata, anaweka begi mezani, anafunua kopo la ute wa mayai thelathini. Nyuma yake, amekumbatia mkoba wake wa ngozi, anangoja Dkt. Arnold Oketcho. Zamu yake inafika, anaufungua mwenyewe: kompyuta, karatasi, njugu zilizokaangwa ndani ya gazeti, na miwani ya pili. Mzee Oguttu anachungulia kila kitu kwa uzito wote wa kazi yake, anachukua njugu mbili, na kumwambia apite.

Benedeta amesimama ng'ambo ya lango, mguu mmoja kwenye kanyagio la baiskeli. Tunamuuliza anatumaini nini, baada ya yote haya.

Anaitazama meza.

"Ile ni meza nzuri, mbao yake ya mvule," anasema. "Natumaini siku moja watachoka kufungua begi. Halafu Mzee Oguttu naweka chai hapo, na mtu akitoka kazi, anafungua kinywa ya kunywa tu."